Kikombe cha mfalme kabatini: Ni mali, pambo au mtego?

UKITOKA Dodoma mjini kwenda Iringa, ukazipita Fufu na Chipogoro, barabara inakushusha taratibu kwenye joto na vichaka vya miiba mpaka unapokutana na Bwawa la Mtera. Hapo ndipo wasafiri wengi husimama kununua perege na kambale wa kukaanga, wakanyoosha miguu kidogo, kisha wakaendelea na safari.

Mimi nilisimama kwa muda mrefu zaidi. Nilikuwa nimefuata habari za bei ya alizeti kwa wakulima wadogo wa vijiji vya jirani, na mwenyeji wangu alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa samaki, mjane, ambaye pia analima ekari chache za alizeti na mtama. Tuliposalimiana "mbukwenyi" na kukaribishwa sebuleni, macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye kabati la vioo.

Ndani ya kabati, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, palikuwa na glasi sita za harusi, birika la chai lisilotumika, na katikati yake kikombe kimoja cha kauri chenye rangi ya maziwa. Kilikuwa na picha ya mwanamume na mwanamke waliovaa mataji, bendera mbili pembeni, na tarehe: Mei 12, 1937.

"Hicho ndicho kitakachotutoa, mwanangu," aliniambia yule mama alipoona nimekikazia macho.

Nilipomdadisi, alinieleza kwamba kijana mmoja anayejiita dalali wa vitu vya kale alikuwa amepita wiki mbili kabla. Alikipiga picha kwa simu, akarudi siku ya tatu na kusema kwamba yupo mzungu aliye tayari kukinunua kwa Sh milioni 25. Sharti lilikuwa moja tu: kwanza itolewe Sh 350,000 za "kukipima kwa mashine" ili kuthibitisha kuwa ni cha kweli. Mama alikuwa ameshapata mteja wa mbuzi wake watatu. Ijumaa ya wiki ile ndiyo ilikuwa siku ya kumkabidhi dalali fedha.

Msomaji wangu, makala haya yametokana na mazungumzo yaliyofuata sebuleni pale. Si Mtera peke yake ambako chombo cha zamani kinakaa kabatini huku wenye nyumba wakiwa hawajui kama ni mali, ni pambo tu, au ni chambo cha kuwavutia matapeli. Jambo hili lina uchumi wake, na uchumi huo mkulima anaujua tayari, isipokuwa hajawahi kuutumia kwa vikombe.

Kilifikaje Ugogo?

Swali la kwanza nililomuuliza mama ni kikombe kilifikaje nyumbani kwake. Alisema ni cha baba mkwe wake, ambaye katika ujana wake alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja huko Kongwa. Mzungu alipofungasha kurudi kwao, alimgawia mpishi wake sufuria, blanketi na kikombe hicho.

Maelezo hayo yana mantiki. Kongwa ndiko Waingereza walikoanzisha mwaka 1947 ule mradi mkubwa wa karanga, wakati nchi yao ilipokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Walileta matrekta, mafundi na familia zao. Ardhi ya Kongwa ikawashinda: mvua zilikuwa haba, na kiangazi kilipofika udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, hata kung'oa karanga ikawa shida. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, baada ya kutumia takribani pauni milioni 36 za wakati huo. Wazungu wakaondoka na vitu vyao vya ndani vikabaki mikononi mwa wapishi, madereva na wafanyabiashara wa mji.

Kwa hiyo kikombe cha mwaka 1937 kukutwa Mtera si muujiza. Watu wale wawili waliochorwa ni Mfalme George wa Sita na mkewe Malkia Elizabeth, na tarehe ile ndiyo siku waliyovikwa taji jijini London. Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza wakati huo, ndiyo maana wazee wetu waliliona jina la mfalme huyo hata kwenye senti zile zenye tundu katikati.

Biashara ya sura ya mfalme

Vyombo vya namna hii huitwa vyombo vya kumbukumbu. Vinaweza kuwa vikombe, sahani za ukutani, birika, mabakuli au makopo ya bia, vyote vya kauri, vinavyotengenezwa kuadhimisha jambo la kifalme: kutawazwa, harusi, kuzaliwa kwa mtoto, au jubilei ya miaka mingi ya utawala.

Zamani vyombo hivyo vilichorwa kwa mkono, kimoja kimoja, na ni watu wenye uwezo tu waliovimiliki. Mambo yalibadilika wafinyanzi wa Uingereza walipojifunza kuchapa picha kwenye karatasi nyembamba na kuihamishia kwenye chombo kabla ya kukichoma tanurini. Picha moja ikaweza kubandikwa kwenye maelfu ya vikombe. Malkia Victoria alipoadhimisha miaka 60 ya utawala mwaka 1897, viwanda vya eneo la Stoke-on-Trent, ambalo hadi leo ndilo makao ya ufinyanzi wa Uingereza, vilifurika kazi. Vikombe viligawiwa hadi kwa watoto wa shule.

Desturi hiyo haikuwa ya Waingereza pekee. Urusi nayo, mwaka 1896, iliandaa vikombe vya bati lililopakwa rangi ya kauri, vyenye alama za Mfalme Nicholas wa Pili, ili wananchi wagawiwe bure katika uwanja wa Khodynka mjini Moscow kusherehekea kutawazwa kwake. Umati ukasikia kuwa zawadi hazitatosha, watu wakasukumana, na zaidi ya watu 1,300 wakafa kwa kukanyagana. Vikombe vile bado vinatafutwa na wakusanyaji, na wengi huvitafuta kwa sababu ya msiba ule kuliko kwa sababu ya mfalme.

Nchini Uingereza biashara hiyo haijafa. Mfalme Charles wa Tatu alipovikwa taji Mei 6, 2023, vikombe vyenye jina lake vilikuwa vimeshajaa madukani wiki nyingi kabla.

Hapo ndipo penye fundisho la kwanza. Chombo kilichotengenezwa makusudi ili kiwe kumbukumbu hutengenezwa kwa wingi, na wanaokinunua hukitunza. Hawakinywei chai kila siku, hakivunjiki, hakitupwi. Baada ya miaka 80 kinakuwa cha zamani kweli, lakini si adimu.

Wote walipoweka ghala, bei ikalala

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Mfalme Edward wa Nane. Alirithi kiti Januari 1936, na tarehe ya kumvika taji ikapangwa kuwa Mei 12, 1937. Viwanda vikaanza mapema kutengeneza vikombe na sahani zenye sura yake. Desemba 1936, kabla ya kutawazwa, akajiuzulu ili amwoe mwanamke aliyekuwa ameshaachika kwa waume wawili. Mdogo wake, yaani huyu George wa Sita wa kikombe cha Mtera, akachukua nafasi, na tarehe ikabaki ileile.

Watu wakapiga hesabu ya haraka. Wakasema huyu ni mfalme ambaye hakuvikwa taji, kwa hiyo vikombe vyake vitakuwa adimu na bei itapaa. Wakavinunua na kuvifungia makabatini. Ukweli ni kwamba vilikuwa vimeshatengenezwa vingi mno, na kwa kuwa kila mtu alivitunza kwa tamaa ya bei ya kesho, hadi leo vimejaa kwenye minada na maduka ya vitu vya kale. Vikombe vya kawaida vya Edward wa Nane ni miongoni mwa vile vya bei ya chini.

Hata sisi tunao ushahidi wa jambo hilo. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zina jina la Edward wa Nane. Kwa kuwa zilikuwa na tundu katikati na hazikuhitaji sura yake, ziliwahi kutengenezwa na kuingia katika mzunguko. Zipo nyingi, na haziwezi kukujengea nyumba.

Mkulima wa alizeti hana haja ya kusoma chuo kikuu kulielewa hili. Mwaka ambao kila mtu kijijini anaficha magunia akisubiri bei ya Desemba, Desemba inapofika magunia yote yanatoka kwa pamoja na bei inalala. Kitu kuhifadhiwa hakukipi thamani. Thamani hutokana na uhaba ukikutana na mnunuzi.

Kinyume chake ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyotengenezwa na Wajerumani Tabora mwaka 1916 walipokuwa wamebanwa na vita. Zilitengenezwa takribani 16,000 tu, na zina dhahabu ndani yake. Hizo kweli hutafutwa duniani. Kwa bahati mbaya habari zake ndizo zimezaa maneno mengi mitaani kuhusu "mali za Mjerumani", hadi kila kitu chenye kutu au chenye maandishi ya kigeni kikadhaniwa kuwa ni utajiri.

Mambo manne yanayopanga bei

Nilimwomba mama ruhusa tukitoe kikombe kabatini tukiangalie pamoja. Msomaji mwenye chombo cha namna hii anaweza kufuata hatua hizohizo.

La kwanza ni uhaba. Jiulize ni vingapi vya aina hiyo vilitengenezwa. Wakati mwingine tofauti ndogo hubadilisha mambo. Mfalme Edward wa Saba alipangiwa kuvikwa taji Juni 26, 1902, lakini akaugua ugonjwa wa kidole tumbo akafanyiwa upasuaji, na sherehe ikasogezwa hadi Agosti 9. Vyombo vingi vilikuwa vimeshachapwa tarehe ya Juni. Vichache vilivyochapwa tarehe sahihi ya Agosti ndivyo vinavyotafutwa zaidi. Vilevile yupo msanii Eric Ravilious aliyekichorea kiwanda cha Wedgwood kikombe cha Edward wa Nane, kikabadilishwa kwa ajili ya George wa Sita mwaka 1937, na tena kwa ajili ya Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1953. Vikombe vyake huuzwa kwa mamia ya pauni, kwa sababu wanunuzi wanamtafuta mchoraji.

La pili ni hali ya chombo. Kipitishe kidole kwenye ukingo, kisha ukigonge kidogo kwa ukucha. Chombo kizima hulia kwa sauti safi, chenye ufa hulia kama kopo. Angalia kama mkono wa kikombe umewahi kugandishwa kwa gundi, kama rangi ya dhahabu ya ukingo imefutika, na kama kuna mistari myembamba mithili ya utando wa buibui chini ya ngozi yake inayong'aa. Kasoro moja inaweza kuondoa sehemu kubwa ya bei. Kikombe cha Mtera kilikuwa na pengo dogo ukingoni na dhahabu imebaki nusu.

La tatu ni ushahidi. Kigeuze juu chini usome kitako. Muhuri wa kiwanda hueleza mengi. Neno "England" chini ya chombo kwa kawaida huonyesha kuwa kilitengenezwa kuanzia mwaka 1891 hivi, kwa sababu Marekani ilianza kudai kwa sheria kwamba bidhaa zinazoingia nchini humo zionyeshe nchi zilikotoka. Maneno "Made in England" kwa kawaida ni ya karne ya 20. Hata hivyo, muhuri unaweza kughushiwa, kwa hiyo hautoshi peke yake. Historia ya mmiliki, kama ile ya mpishi wa Kongwa, ni ushahidi pia, ilimradi iwe imeandikwa na si ya kusimuliwa tu.

La nne, na hili ndilo linalosahaulika, ni soko. Watu wanaokusanya vyombo hivi wengi wako Uingereza, Australia, Kanada na Marekani. Wana minada yao, vitabu vyao vya bei na vyama vyao. Mtera iko mbali na soko hilo kuliko ilivyo mbali na soko la samaki la Dodoma, na umbali huo ni gharama.

Tupige hesabu

Vikombe vya kawaida vya kutawazwa vya mwaka 1937 na 1953, vikiwa vizima, huuzwa Uingereza kwa bei ambayo mara nyingi haizidi pauni 20. Tuchukulie cha mama kimepata pauni 15, pamoja na pengo lake. Tukiihesabu pauni moja kwa Sh 3,300, hiyo ni Sh 49,500.

Sasa toa gharama. Mnada ukikata sehemu ya tano tu, zinaondoka Sh 9,900 na kubaki Sh 39,600. Ondoa nauli ya basi kwenda na kurudi Dodoma, sanduku na vifungashio vya kuzuia kisivunjike, na gharama ya kukituma ng'ambo, ambayo peke yake inaweza kuzidi kiasi kilichobaki. Kwa maneno mengine, kukiuza kikombe hicho nje ni kuuza kwa hasara.

Upande wa pili weka mbuzi watatu. Mbuzi wanazaa, wana mnunuzi kila siku ya mnada, na siku mtoto akiugua unaweza kumuuza mmoja jioni hiyohiyo. Yule mama alikuwa anataka kubadilisha mali inayozaa na yenye soko mlangoni, kwa ahadi ya kitu kisichozaa ambacho soko lake liko ng'ambo ya bahari.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Sasa huyu kijana milioni 25 kazitoa wapi?"

Nilimjibu kwamba hajazitoa popote, na hatazitoa. Biashara yake ni hizo Sh 350,000.

Jinsi ya kumtambua dalali wa uongo

Wakulima wanawafahamu madalali. Wapo wazuri, wanaomtafutia mkulima mnunuzi na kukata kamisheni yao baada ya mzigo kuuzwa. Huo ndio utaratibu wa haki, iwe ni kwa alizeti, ufuta, ng'ombe au kikombe. Anayetaka fedha kwanza, kwa jina lolote lile, iwe ya kipimo, ya kibali, ya mashine au ya "kumtuliza mteja", anakuuzia maneno.

Nilimshauri mama amjibu hivi: amlete mnunuzi, bei ilipwe, na yeye dalali akate gharama zake zote humohumo, hata zikiwa mara mbili. Kama kweli kikombe kina thamani ya Sh milioni 25, hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayeshindwa kutanguliza Sh 350,000 zake mwenyewe.

Aidha, ni vema kufahamu kwamba vitu vya kale vina sheria yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na vifaa vya jadi na milango ya kuchonga ya zamani. Kikombe cha mwaka 1937 kutoka Uingereza si cha kundi hilo. Lakini ukilima shamba ukafukua vigae vya kauri, shanga au chungu kizima cha kale, usikiuze njiani. Toa taarifa kwa uongozi wa kijiji ili wataalamu wa mambo ya kale wajulishwe. Kuvisafirisha nje bila leseni ni kosa, na anayekuhimiza ufanye haraka na kwa siri anajua hilo.

Pambo nalo lina faida

Je, tuseme basi kikombe hakina maana, kinywewe uji? Hapana.

Kupamba nyumba kwa vyombo vya kauri si jambo geni kwetu wala hatukujifunza kwa Mzungu wa Kongwa. Katika nyumba za kale za mawe za Lamu na Zanzibar, kuta zilijengwa zikiwa na zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea bakuli na sahani za kutoka China, Uajemi na baadaye Ulaya. Mgeni akiingia alijua mara moja ameingia kwa nani. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, mabakuli ya Kichina yalijengewa kwenye makaburi ya watu wenye heshima. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda vya Maastricht nchini Uholanzi vilikuwa vikileta vyombo vya mauzo ya Afrika Mashariki. Vitu vya nyumbani vya masultani wa Zanzibar vimewahi kuonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Kasri, Mji Mkongwe.

Hata kumbukumbu za watawala tumezifanya kwa njia yetu. Sultani Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 ya utawala mwaka 1936, Zanzibar ilitoa stempu za jubilei. Baada ya Uhuru, sura za viongozi wetu zimechapwa kwenye kanga na vitenge, na wapo kina mama wanaozitunza sandukuni kanga hizo bila kuzivaa. Huo ni ukusanyaji uleule, isipokuwa ni wa nguo.

Faida ya chombo cha kumbukumbu ndani ya nyumba ni kwamba kinabeba habari. Kile kikombe kinawaeleza wajukuu wa mpishi wa Kongwa kwamba babu yao alikuwepo wakati mradi wa mamilioni ya pauni ulipoanguka kwa sababu wakubwa hawakuwauliza Wagogo habari za mvua na udongo. Mimi kama mchumi wa kilimo sikupata darasani somo lililonigusa kama lile.

Na kwa mfanyabiashara mdogo kuna njia halali ya kupata shilingi. Barabara ya Dodoma hadi Iringa imeshawekwa lami, na wasafiri wanaosimama Mtera ni wengi. Mwenye mgahawa au nyumba ya kulala wageni anaweza kuweka kabati moja la vioo lenye vitu vya zamani vya eneo lake: kikombe cha Kongwa, senti zenye tundu, kibuyu na kigoda cha Kigogo, picha za ujenzi wa bwawa, kila kimoja na karatasi fupi ya maelezo. Havitauzwa, lakini mteja anayesimama kusoma ataagiza soda ya pili, na msafara ujao atawaambia wenzake wasimame palepale.

Kukitunza bila gharama

Kwa wale wenye vyombo hivi, mambo machache yanatosha. Kiwekwe mbali na ukingo wa rafu na mbali na mlango unaopigwa na upepo, maana upepo wa kiangazi wa Mtera hauna adabu. Kisikae mahali pa jua kali. Kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini ndani ya beseni la plastiki, bila steelwool wala dawa kali, kwa sababu dhahabu ya ukingo hufutika. Kisinyanyuliwe kwa kushika mkono wake, bali kwa kukishika tumboni kwa mikono miwili. Sahani ya ukutani itundikwe kwa kishikizo kisichobana ukingo.

Tena kisitumike kunywea. Vyombo vingi vya zamani vilipakwa rangi zenye madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto, na vitu vichachu kama juisi ya ukwaju huyatoa kirahisi zaidi.

Mwisho, andika historia yake. Karatasi moja inatosha: kilikuwa cha nani, alikipata wapi, mwaka gani, na nani alikurithisha. Iwekwe ndani ya kikombe chenyewe. Ikiwa siku moja atatokea mnunuzi wa kweli, karatasi hiyo itaongeza bei. Asipotokea, watoto wako watakuwa na kitu cha kusoma.

Ijumaa ilipofika

Nilipompigia simu yule mama wiki iliyofuata, alinieleza kwamba dalali alikuja Ijumaa kama alivyoahidi. Mama akampa maneno tuliyokubaliana: mlete mnunuzi, ukate chako humohumo. Kijana akasema atakwenda kuzungumza na bosi wake. Hakurudi, na simu yake haipatikani.

Mbuzi watatu bado wako zizini, na mmoja ana mimba. Kikombe kimerudi mahali pake juu ya kitambaa cha kufuma, na ndani yake kuna karatasi iliyoandikwa na mjukuu wa kidato cha pili, mama akimsomea maneno. Inaanza na jina la babu na neno Kongwa.

Kabla ya kukata simu alinikumbusha jambo tulilolisahau kwa ajili ya kikombe. Alizeti yake magunia tisa yako ndani, na anataka kujua auze sasa au asubiri. Nilimuuliza kwanza, majirani zake wanafanyaje. Akasema wote wameweka ghala.

"Basi unakumbuka ya Edward, mama," nilimwambia.

Akacheka. Alisema atauza magunia matano.